Nimemaliza PhD ya maabara, nataka postidoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) ya modeli za data. Nianzie wapi nikiwa Uganda?

Nyabo_wa_Pipeti aliandika:

Wakubwa kwa wadogo nawasalimu. Samahani ni ndefu kidogo lakini hili swali linanizunguka kichwani na pale kazini kila mtu ana jibu lake.

Nimemaliza PhD, tasnifu imeshapita, nangoja tu kuvaa joho. Kazi yangu yote ilikuwa ya maabara, kingamwili za malaria kwa watoto wa kwetu Tororo, yaani ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye damu) asubuhi ELISA jioni, sampuli ziko kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na stima ikipotea ni presha tupu. Mwishoni ndo nikaanza kuchambua data mwenyewe kwa R (programu ya takwimu) maana mtakwimu wetu alikuwa anahudumia projekti nne peke yake, na hapo nikajua kumbe kinachonipendeza si pipeti, ni kile kinachoanza baada ya namba kuingia kwenye kompyuta. Sasa nataka postidoki ya modeli, zile za kueleza malaria inavyoenea na kinga inavyojengwa na kupotea.

Shida ni matangazo. Karibu yote yanataka mtu aliyesomea hisabati au fizikia au takwimu, eti awe na uzoefu wa takwimu za Bayes, awe anaandika lugha ya kompyuta ya C++, mimi hesabu niliziachia S.6, mwisho wa sekondari! Halafu nina mume na mtoto wa miaka mitatu. Supavaiza anasema baki, kuna projekti inakuja. Wenzangu wanasema toka haraka. Wengine wanasema Marekani imefungwa kabisa usijisumbue.

Kwa hiyo nauliza, mtu wa maabara anachukuliwa kweli kwenye modeli au najidanganya? Nitafute huku Afrika Mashariki au nje? Na nianze kuwaandikia maprofesa au niombe feloshipu moja kwa moja? Msinijibu kwa dharau tafadhali, ya dharau nilishapata ya kutosha kwenye viva, pale nilipotetea tasnifu.

---

Mzee_wa_Ziwani alijibu:

Hongera sana mwanangu, PhD si mchezo. Mimi niko Entebbe, nimekaa kwenye paneli za kuajiri postidoki mara kadhaa, kwa hiyo nakujibu lile la kwanza tu, mengine vijana watakusaidia.

Wanachukuliwa. Ila si kwa kusema unajua R, R kila anayeomba anaijua. Chukua mtu wa modeli aliyeko Basel au London, kijana mzuri kabisa wa hesabu, muonyeshe grafu ya malaria ya wilaya moja ya huku kwetu, mwezi wa sita imepanda kama kawaida yake, mwezi wa saba imeanguka ghafla. Ataanza kutafuta sababu kwenye mvua, kwenye vyandarua. Wewe uliyewahi kukaa HC III, kituo cha afya cha kijijini, utaomba rejista ya OPD (wagonjwa wa nje) kwanza. Unafungua, unaona safu ya RDT (kipimo cha haraka cha malaria) imejaa pos na neg mpaka tarehe 9, halafu kuanzia tarehe 10 ni vistari tu mpaka mwisho wa ukurasa. Vipimo viliisha. Foleni ni ileile, watoto wamepewa dawa kwa kuangaliwa joto tu, lakini kwenye fomu ya HMIS 105, ripoti ya kila mwezi inayokwenda wilayani, safu ya waliothibitishwa imeshuka, na hiyo ndo inayoingia DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya), na hiyo ndo kijana wa Basel anaipakua. Modeli yake itasema malaria imepungua, na itasema hivyo kwa uhakika mkubwa na vikomo vyembamba vya makadirio, vizuri vya kupendeza.

Modeli ya maana ina sehemu mbili, moja ya ugonjwa wenyewe, nyingine ya namna ugonjwa unavyoonekana na kuandikwa. Ile ya kwanza watu wa hesabu wanatushinda, sawa. Ile ya pili wanabahatisha, na hapo ndo wewe unaingia. Sema hivyo kwenye barua yako ya maombi, tena toa mfano uliouona kwa macho.

Sasa la pili ambalo labda hukuambiwa, data yako ya ELISA ni kazi ya modeli tayari. Panga watoto kwa umri, tazama asilimia ya walio na kingamwili kwa kila umri, utaona mstari unapanda halafu unaanza kulala. Kasi ya kupanda inakuambia watoto wanaambukizwa kwa nguvu gani kwa mwaka, na pale unapolala panakuambia kingamwili zinapotea kwa kasi gani. Parameta mbili tu, mlinganyo mmoja, na hesabu yake ni ileile ya S.6 uliyoikimbia. Na wewe ni wa Tororo! Tororo dawa ya kupulizia ndani ya nyumba ilianza Desemba 2014 na malaria ikashuka vibaya sana, mpaka watu tukaanza kusema imeisha, halafu 2020 wakabadilisha aina ya dawa na ugonjwa ukarudi. Mtoto aliyezaliwa 2012 na aliyezaliwa 2016 hawakukulia kwenye malaria moja. Je damu yao inaonyesha hiyo tofauti? Ukiweza kukadiria nguvu ya maambukizi kabla na baada ya kupulizia kutoka kwenye kingamwili peke yake, bila kugusa rejista ya kliniki, hiyo ni sura ya kwanza ya postidoki yako na hakuna wa fizikia atakayekunyang'anya.

C++ achana nayo. Jifunze Stan (programu ya modeli za Bayes) vizuri, inatosha kuanzia, na weka kodi yako ya kompyuta GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi programu, mahali watu wanaiona.

---

Mwana_wa_Kasese alijibu:

Mzee ameongea. Niongezee kuhusu imeili na feloshipu maana mimi nilitoka maabara kama wewe na sasa hivi niko Ulaya.

Dada yangu, imeili ndo watu wetu wengi wanapoangukia. Ile ya "Profesa Mheshimiwa, nimevutiwa mno na kazi zako nzuri, naambatanisha CV ya kurasa nane, niko tayari kufanya chochote" wanaipokea kila siku na wanaifuta bila kufika mwisho. Hasa hilo la niko tayari kufanya chochote, sisi tunadhani ni adabu, wao wanasoma kwamba huna unachotaka. Yangu iliyojibiwa ilikuwa fupi, aya ya kwanza mimi ni nani kwa sentensi mbili, ya pili swali moja kuhusu karatasi yao moja, kwamba wamechukulia kingamwili zinapotea kwa kasi moja kwa kila umri na mimi kwenye data yangu naona watoto wadogo wanapoteza upesi zaidi, je wameshajaribu kuruhusu kasi ibadilike? Ya tatu, kuna dedilaini fulani, ungekubali kuwa mwenyeji wangu nikiandika? Basi. CV kurasa mbili, linki ya GitHub. Kama hakujibu ngoja wiki mbili umkumbushe mara moja, ukiona kimya nenda kwa mwingine, usichukulie moyoni, wengine hata wanafunzi wao wenyewe hawawajibu.

Kwa hiyo lile swali la nianze na maprofesa au feloshipu, ni kitu kimoja hicho. Karibu kila feloshipu inataka mwenyeji aliyekubali kwa maandishi. Unaanza na mtu.

Sasa zenyewe. Feloshipu za Marie Curie za Umoja wa Ulaya hazina ubaguzi wa uraia wala umri, unatakiwa uwe na PhD kabla ya dedilaini ambayo mara nyingi huwa Septemba, usiwe umezidi miaka 8 ya utafiti tangu PhD, na usiwe umeishi ile nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyopita. Hili la mwisho linawakamata watu wa PhD za sandwichi (nusu nyumbani, nusu nje), kama ulikaa sana Sweden basi Sweden imefungwa kwako kwa mwaka huo lakini Uholanzi iko wazi. Ushindani ni mkali ajabu, mwaka 2025 yaliingia maombi zaidi ya 17,000, kwa hiyo omba lakini usiitegemee peke yake.

Wellcome, wale wafadhili wa utafiti wa Uingereza, wana ile ya Early-Career, miaka 5, mshahara pamoja na hela ya utafiti mpaka pauni 400,000, na kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba huhitaji kwenda Uingereza, unaweza kukaa nayo Entebbe au Kampala au Mbarara ilimradi taasisi inakubalika. Lakini wanataka wazo liwe lako, si la bosi, na wanaangalia usizidi miaka 3 ya utafiti baada ya PhD. Kwa hiyo saa yako imeanza kugonga siku ile tasnifu ilipopita.

HFSP (Human Frontier Science Program, mfuko wa kimataifa wa utafiti) usiichanganye. Ile yao ya kuvuka fani ni ya wanaotoka hisabati na fizikia kuja baiolojia, wewe unavuka daraja kinyume. Ya kawaida yao unaweza kuomba lakini lazima uwe na karatasi moja ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza, na kwa sababu Uganda si mwanachama wao, maabara mwenyeji lazima iwe kwenye nchi mwanachama.

---

Boda_ya_Data alijibu:

Mimi nitakuwa mbishi hapa, mnisamehe. Kwa nini kila mtu akimaliza PhD tunamsindikiza Entebbe apande ndege?

Tazama mambo yalivyo. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa hapa Uganda Septemba 20, 2022, ikaisha Januari 2023, ikarudi tena Januari 2025 hapahapa Kampala. Mara zote modeli nyingi nilizosoma ziliandikwa na watu ambao Mubende, ilikoanzia ile ya 2022, wanaiona kwenye ramani tu. Ubongo wa kufanya kazi hiyo upo hapa, kinachokosekana ni watu wa kutosha kukaa chumba kimoja wakabishana.

Na nafasi zipo ukijua pa kuchungulia. Pale IDI, taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Makerere, kuna kile kituo cha bioinformatiki kilichofunguliwa 2019 kwa msaada wa NIAID, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza, kompyuta za nguvu zipo. MRC/UVRI, kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, iko chini ya LSHTM (chuo cha afya na magonjwa ya tropiki cha London) tangu 2018, kwa hiyo ukiwa postidoki Entebbe unaingia kwenye mtandao wa London bila kulipa nyumba ya London. IDRC, shirika la utafiti la hapa Uganda, ndo wenye kohoti (makundi ya watu wanaofuatiliwa) za malaria za Tororo, wewe umeshawajua bila shaka. Mbarara kuna kituo cha utafiti cha Epicentre na chuo kikuu cha MUST. Ukivuka mpaka kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi, Kenya, ambao modeli za malaria na ramani wamefanya miaka mingi, Ifakara Tanzania kwa mbu, na ukienda chini kabisa SACEMA pale Stellenbosch, Afrika Kusini, kituo kizima cha modeli za magonjwa ya kuambukiza. Kilifi unakuwa nyumbani tu, Kiswahili kileile, mtoto anaenda shule bila kujifunza Kijerumani.

ILA. Na hii ila ni kubwa. Huku kwetu neno postidoki linabeba vitu vingi. Nilipita kwenye projekti moja sitaitaja, tangazo lilisema mtafiti wa modeli, nikafika nikakuta kazi ni kusaini fomu za mafuta ya magari, kupanga trening za manesi, na kuandika ripoti ya robo mwaka ya mfadhili. Modeli nilikuwa nafanya usiku nyumbani. Hiyo ni ukoordineta umevalishwa suti. Kwa hiyo kabla ya kusaini waulize kwa maandishi, siku ngapi kwa wiki ni za utafiti wangu, nani anaruhusiwa kugusa data, na karatasi ya kwanza ikitoka jina la nani liko mbele. Wakikuzungusha kwenye hayo matatu kimbia. Na hiyo projekti "inayokuja" ya supavaiza wako muulize imeshasainiwa au bado ni ndoto, maana 2025 tumeona vizuri kilichotokea.

Hapo ndo suala la Marekani. Haijafungwa kabisa lakini imebana. Mei 2025 NIH, wafadhili wakuu wa utafiti wa afya wa serikali ya Marekani, walitangaza kwamba hawatoi tena zile hela ndogo zinazopitia chuo cha Marekani kuja kwa mshirika wa nje mpaka waweke utaratibu mwingine, na nusu ya projekti za Kampala zilikuwa zinaishi kwa njia hiyo (nusu ni makadirio yangu ya mtaani, msininukuu). Ukitaka kwenda kule mwenyewe, ujue F32 na T32, feloshipu za mafunzo za NIH, si za kwetu, ni za raia wao na wenye green card, usipoteze muda. Unaajiriwa kwa granti ya profesa. Ukiwa tayari kule ile K99, granti ya NIH kwa postidoki, haiangalii uraia.

---

Mwana_wa_Kasese alijibu:

@Boda_ya_Data nakubali nusu. Tatizo la kubaki moja kwa moja ni kwamba anabadilisha fani. Kubadilisha fani unahitaji kukaa karibu na mtu anayeijua, wa kumuuliza swali la kijinga saa nne asubuhi akakuchorea kwenye ubao. Huku nyumbani watu wa modeli wapo lakini ni wachache na wamechoka. Mimi ningesema aende miaka miwili, arudi na hiyo Wellcome.

---

Boda_ya_Data alijibu:

Wanaosema nitarudi baada ya miaka miwili nawajua wengi. Wako Manchester.

---

Mama_Wawili alijibu:

Hahaha Boda wewe. Acheni niingie na mambo ambayo wanaume hamyataji, hela ya kuhamisha familia.

Nyabo, ukipata Uingereza viza haitakuwa shida kubwa, feloshipu kama hizo zinafungua njia ya Global Talent, viza ya wenye vipaji. Kinachoua ni ule mchango wa afya unaolipwa wote mapema kabla hujapanda ndege. Mtu mzima pauni 1,035 kwa mwaka, mtoto 776. Piga hesabu, wewe na mume na mtoto mmoja, miaka miwili, inakuja pauni 5,692, na hapo bado ada ya viza yenyewe, kipimo cha TB, tiketi na dipoziti ya nyumba. Badilisha kwa shilingi uone kama utalala. Kuna vyuo vinarudishia, vingine vinakukopesha na kukata kidogokidogo kwenye mshahara, vingine vinakulipia wewe tu familia ujitegemee. Uliza HR KABLA hujakubali ofa, si baada, na usione aibu, wazungu wenyewe wanauliza kila kitu. Na swali la mume atafanya kazi gani huko mlijadili sasa hivi mkiwa na akili zenu.

La pili, kama uko kwenye payroll ya chuo na ulisoma kwa likizo ya masomo, toa ile bondi uliyosaini uisome tena. Mtu anapata ofa ndo anakumbuka ana miaka kadhaa ya kulipa utumishi.

La tatu ni data. Hao wote wanakuambia Tororo, Tororo, data ya Tororo si yako dada. Ni ya utafiti, na wale wazazi walikubali kwa ajili ya swali lililoandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Ukitaka kuibeba kwenda nje kwa swali jipya unarudi kwenye kamati ya maadili, UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na mkataba wa kuhamisha data kati ya taasisi zote mbili, tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Inachukua miezi. Anza na supavaiza wako, mpe nafasi kwenye karatasi, muombe barua. Kuna watu wamefika kule na laptopu haina kitu, wanakaa wanangoja saini kutoka Kampala huku mkataba unaliwa.

---

Nyabo_wa_Pipeti alijibu:

Banange! Nimesoma yote nimesoma tena. Webale nnyo, asanteni kweli.

Nimeongea na supavaiza leo. Projekti inayokuja haijasainiwa 😅 lakini kwa data amekubali, anataka awe mwandishi wa mwisho, sina shida. Kamati ya maadili amesema tuandike marekebisho ya protokali badala ya kuanza upya. Bondi sina, niliajiriwa na projekti. Mume amesema Kilifi yuko tayari kesho, Uingereza anataka kuona hesabu za Mama_Wawili kwanza. Kwa hiyo nitawaandikia watu watatu, mmoja Kilifi, mmoja London na mmoja Basel, nione nani anajibu.

Mzee nimejaribu ile grafu yako, asilimia kwa umri. Inapanda vizuri lakini mwanzoni kabisa imekataa, watoto wa chini ya miezi sita wako JUU kuliko wa mwaka mmoja, halafu inashuka ndo ianze kupanda. Nimekosea plate ya ELISA au?

---

Mzee_wa_Ziwani alijibu:

Hujakosea, hizo ni kingamwili za mama zao. Mtoto anazaliwa nazo zinaisha polepole, mlinganyo wako hauzijui, unadhani ameambukizwa yeye. Wengi huwatoa walio chini ya mwaka kabla ya kufit. Sema wazi umewatoa na kwa nini, weka grafu yenye wote kwenye nyongeza.

Ila nikuulize, umeamuaje nani ana kingamwili na nani hana? Kama ni ile ya wastani wa sampuli za wazungu wasiowahi kuugua malaria jumlisha SD (mchepuko sanifu) tatu, jaribu pia mixture modeli, inayogawa watu makundi mawili kutoka kwenye data yako yenyewe, uone kama jibu linahama. Likihama sana, hilo ndo swali la kumwandikia yule wa London.

---

Nyabo_wa_Pipeti alijibu:

Ni hiyohiyo ya SD tatu. Naijaribu usiku huu stima ikikubali.